Visa Huhitaji, Ila Subiri Kwanza

Waungwana, mimi ni mtu mstaarabu. Sipigi kelele kwenye foleni, na nikiambiwa nivue mkanda uwanja wa ndege navua bila maneno, suruali nimeishikilia kwa mkono mmoja. Lakini hili la leo limenifika kooni. Pasipoti yangu imo kwenye orodha ya wasiohitaji visa ya nchi niendako. Nimeisoma orodha kwa macho yangu mawili. Kisha chini kabisa, kwa maandishi ya kusomwa kwa tochi, wameandika: mgeni asiyehitaji visa ataomba kibali cha kusafiri mtandaoni, atalipa, atasubiri jibu.

Sasa mimi nimesamehewa nini hasa? Mwenye kuomba visa angalau anajijua. Amevaa suti, amekumbatia bahasha ya vyeti, roho mkononi. Mimi nimeambiwa karibu, halafu naulizwa jina la mama.

Mpwa wangu, ambaye simu ndiyo kazi na ndiyo starehe, akanituliza. "Mjomba, hii dakika kumi tu."

Programu ya simu ya kuombea hicho kibali ikataka picha ya ukurasa wa pasipoti. Tukapiga, ikasema inang'aa. Tukazima taa, ikasema giza. Tukahamia dirishani, mpwa juu ya kiti, mimi pasipoti mkono huu na pazia mkono ule, ndipo ikaridhika. Ikaamuru simu iwekwe juu ya pasipoti ili isome chipu iliyofichwa ndani yake. Kijana akaanza kuitembeza simu juu ya kile kijitabu, anaishusha, anaipandisha, ametega sikio kama mkunga anayetafuta mapigo ya mtoto tumboni. Kimya. Akavua kava la simu. Kimya. "Mjomba, usiheme." Kuhema kwangu na chipu wapi na wapi? Nikazuia pumzi hata hivyo, maana mtu akishafikishwa pale ubishi humwishia.

Ikaja zamu ya uso. Weka uso ndani ya duara. Nikauweka. Sogea. Nikasogea. Umesogea mno. Vua miwani. Nimevua, na sasa duara lenyewe silioni. "Kushoto, mjomba. Hapana, kushoto kwako." Duara likawa kijani, nikashukuru Mungu, likaghairi, likawa jekundu. Uso haulingani. Haulingani na wa nani? Na wa yule bwana wa kwenye pasipoti, aliyekatazwa kucheka na mpiga picha akabaki amekodoa macho! Mpwa akashauri nitulie, niwaze mambo mazuri. Nikawaza mambo mazuri, ikakataa. Nikawaza ada ya kibali. Ikanitambua papo hapo.

Tukashukuru hatukuulizwa yale ya ESTA, kibali cha Marekani. Fomu ile inakuuliza waziwazi kama unakusudia kufanya ugaidi, ujasusi, hujuma au mauaji ya kimbari. Wajuzi husema ni mtego wa baadaye: ukigundulika, utashikwa pia kwa kusema uongo. Haya. Lakini mtu amekuja na mabaya yake, akajibu ndiyo kwa moyo mweupe, akalipa na ada? Huyo apewe nishani kwanza, ndipo afungwe.

Na hiyo ada ndiyo inayonikosesha usingizi. ESTA ilipokuwa lazima mwaka 2009 ilikuwa bure. Mwaka uliofuata ikawa dola 14, 2022 ikawa 21, 2025 ikaruka hadi 40. Uingereza walianza na pauni 10 mwaka 2023, Aprili 2025 ikawa 16. Kenya wakatangaza visa imefutwa kuanzia Januari 2024, watu wakapiga makofi, kumbe hata baadhi ya wageni waliokuwa wakiingia bure wakadaiwa dola 30 za kibali. Walioniacha hoi ni Ulaya. Sheria ya kibali chao, ETIAS, wameipitisha 2018, wakaahirisha, wakaahirisha tena, na mwaka 2025 wakatangaza ada imepanda kutoka euro 7 hadi 20 kabla hata mtu mmoja hajajaza fomu. Kanada peke yao wana haya kidogo: dola zao 7, miaka mitano.

Miaka mitano, lakini pasipoti ikiisha, nacho kimekufa nayo. Unaanza upya, pazia mkononi.

Na msidhani ukikipata umeingia. Kibali ni cha kupanda ndege. Kuingia ataamua afisa wa mpakani, naye kaamka vipi siku hiyo hakuna programu inayokuambia. Sasa mimi nililipia nini? Nauliza kwa heshima. Nililipia NINI? Pale kaunta ya ndege jina lisipoonekana kwenye mfumo unabaki chini, nauli umelipa, sanduku limeshapimwa, na watu nyuma wanakuangalia kana kwamba wewe ndiye uliyeitunga sheria. Sijataja wale matapeli wenye tovuti zinazofanana na za serikali, wanaokutoza mara mbili kwa fomu ileile.

Basi, tumelipa. Programu ikasema majibu yatakuja kwa barua pepe. Barua pepe gani? Ile niliyofunguliwa zamani na mtu ambaye hatusalimiani tena. Nenosiri alilitunga yeye. Mpwa akabonyeza pa waliosahau, likaja swali la usalama: jina la mwalimu wako wa kwanza. Sisi tulimwita Mwalimu. Nimeandika Mwalimu, imekataa. Nimeandika Mwalimu kwa herufi kubwa zote, imekataa, na sasa inataka kuona uso wangu.