Spana boi wa kompyuta

Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024 ofisi nyingi za Mtwara zilifunguliwa bila intaneti ya kueleweka, kwa sababu siku moja kabla yake nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikuwa zimepata hitilafu. Katika ofisi ninayofanya kazi, kijana mwenye shahada ya kompyuta na miezi mitano kazini alikuwa ameshazima na kuwasha ruta mara nne kabla sijafika, akabadilisha kebo, akampigia simu mtoa huduma na kuambiwa asubiri. Niliketi karibu naye, nikamwomba afungue kidirisha cheusi cha amri na kufuata safari ya pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, kituo kwa kituo, kuelekea tovuti moja iliyoko Ulaya. Mistari ya kwanza ilijibu: ruta yetu, kisha mtambo wa mtoa huduma, kisha Dar es Salaam. Baada ya hapo zikaja nyota tatu tatu, alama ya kwamba hakuna jibu, mstari baada ya mstari, hadi mwisho. Tukajaribu tovuti iliyohifadhiwa hapa nchini, ikafunguka.

"Kumbe tatizo si letu, kaka," alisema.

Somo hilo lilichukua dakika saba. Kilichoniumiza ni kugundua kwamba dakika hizo saba zilikuwa za kwanza kwangu kukaa naye kwa ajili ya kazi tangu aajiriwe.

Kwa muda sasa hapa Mtwara, na nikienda Lindi vilevile, nasikia malalamiko mawili yanayopishana njiani bila kusalimiana. Waajiri na wataalamu wa siku nyingi wanasema wahitimu wanaokuja hawaiwezi kazi: vyeti wanavyo, ila ukiwapa tatizo lisilo na jina wanaduwaa. Wahitimu nao wanasema hakuna aliyewafundisha: walikaa wiki kadhaa za fildi wakibeba tona na kupiga fotokopi, kisha mtu akawasainia kitabu cha kumbukumbu bila kukisoma, na walipopata ajira wakakabidhiwa kompyuta, meza na orodha ya namba za simu. Malalamiko yote mawili ni ya kweli, na nadhani ndiyo sababu ubishi wenyewe hauishi. Kila upande unaona kasoro ya tabia kwa mwenzake, uvivu huku na uchoyo kule, ilhali kilichobadilika zaidi ni kazi.

Anayetaka kulielewa jambo hili aanzie gereji. Spana boi hulipwa kidogo, na siku nyingine halipwi kabisa, lakini hujifunza kwa sababu isiyohusiana na ukarimu wa fundi: fundi aliyelala chini ya gari anahitaji mtu wa kumpa spana namba kumi na tatu. Anayetoa spana huona inakokwenda. Baada ya miezi kadhaa hufungua nati mwenyewe, na baada ya miaka huachiwa injini. Fundi hakuamka siku hata moja akasema kwamba leo atafundisha. Alikuwa na kazi, na kazi ilihitaji mikono minne.

Ofisi za kompyuta zilikuwa na spana boi wao, nami nilikuwa mmoja. Nilipoanza, jengo letu lilihitaji kebo mpya za mtandao zipatazo sitini, na mkubwa wangu asingeweza kuzibana zote peke yake. Alinipa koleo na mpangilio wa rangi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kebo zangu za mwanzo nilipanga kila rangi na pacha wake, kijani kando ya nyeupe-kijani, kwa sababu macho yanataka hivyo, na nikafanya hivyo ncha zote mbili. Kifaa cha kupimia kikawasha taa zote nane. Lakini kompyuta zilipounganishwa, mtandao ulisuasua, mara upo mara haupo. Mkubwa wangu hakunikemea. Alikata kichwa cha kebo moja, akanionyesha nyaya mbili zinazosokotwa pamoja ili kuzuia mwingiliano wa mawimbi, akaeleza kwamba nilikuwa nimeutenganisha msokoto huo katika matumizi ingawa machoni rangi zilipangika vizuri. Niliondoka siku hiyo nikiwa na jambo kubwa kuliko rangi za kebo: taa kuwaka si ushahidi kwamba kitu kinafanya kazi. Na wakati tunabana hizo nyingine nilisikia, bila kuuliza, namna anavyozungumza na mhasibu aliyepaniki.

Sasa tazama kazi hizo zilikokwenda. Kebo nyingi zimepokewa na mtandao usiotumia waya. Seva zilizokuwa zikinguruma katika chumba chenye kiyoyozi zimeondoka, na mifumo inayotumika katika halmashauri, kama MUSE ya uhasibu na TAUSI ya mapato, inaendeshwa kutoka makao makuu. Afisa TEHAMA wa wilayani amebaki kufungua akaunti, kurejesha nywila zilizosahaulika na kupeleka malalamiko ngazi ya juu. Sisemi kwamba mabadiliko hayo ni mabaya. Anayekumbuka seva ya wilaya iliyokufa na hesabu za mwaka mzima hawezi kulilia zama hizo. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kuhamishia mitambo makao makuu ulihamisha na darasa, na katika mikoa iliyo mbali kama yetu hakuna aliyeliweka darasa lingine mahali pake.

Upande wa uandishi wa programu, mlango uliofungwa ni mwingine. Kulikuwa na vijikazi ambavyo mwandishi mzoefu alimtupia mgeni mchana wa Ijumaa: fomu ya kusajili wanachama, ripoti ya jumla ya mwezi, kosa dogo la tarehe inayojiandika kinyume. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, na zana nyingine za akili unde zilizoifuata, mzoefu huvimaliza vijikazi hivyo mwenyewe huku chai ikipoa. Kwake ni nafuu tupu. Fundi amepata mashine ya kumpa spana, na spana boi amesimama mlangoni hana la kushika.

Hoja za waajiri hazistahili kupuuzwa. Mwanauchumi wa Marekani Gary Becker alieleza mwaka 1964 kwamba mafunzo yanayomfaa mfanyakazi popote aendako hayana faida kwa mwajiri anayeyagharamia, maana mshindani anaweza kumchukua mfanyakazi huyo akiwa ameiva, kwa kumwongezea mshahara kidogo tu. Ujuzi wa kompyuta karibu wote ni wa namna hiyo. Mtwara tunaijua nadharia hiyo kwa jina la basi la asubuhi: unamfinyanga kijana mwaka mmoja na nusu, anaanza kukufaa, kisha anakuaga kwamba amepata kazi Dar es Salaam. Meneja mmoja aliniambia kwamba amechoka kunoa kisu kinachokata nyama ya wengine. Waajiri wenye wafanyakazi kumi na zaidi huongeza kwamba wao wamekwishalipa: tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara, wanailipa kila mwezi, kwa hiyo wanauliza kwa nini wafundishe tena kwa mifuko yao.

Ipo pia hoja ya muda, ambayo ni ya zamani kuliko sisi. Frederick Brooks, aliyesimamia uundaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, na sababu mojawapo ni kwamba wazoefu huacha kazi ili wawaelekeze wageni. Ofisi zetu nyingi za kusini zina mtaalamu mmoja, wakibahatika wawili. Kumpa huyo mmoja mgeni wa kumfundisha, bila kumpunguzia chochote, ni kumwadhibu kwa kuwa anajua.

Wala tusiipambe zamani. Wazoefu wengi wa kizazi changu hawakufundisha; walificha. Nywila za seva zilikaa katika daftari la mtu mmoja, na akisafiri kwenda msibani ofisi ilisimama. Ujuzi ulikuwa kinga ya ajira, kwa hiyo uligawanywa kama dawa ya mganga, nusu kijiko, tena kwa anayependwa. Wasichana wa fildi waliambiwa wachape barua huku wavulana wakipanda darini kuvuta kebo, na sikumbuki mtu akihoji. Kijana wa leo mwenye simu na bando ana maktaba ambayo sisi hatukuiota, na akiuliza swali la kijinga saa sita za usiku, mashine haimcheki. Kwa wengi waliobaniwa, huo ni ukombozi, na anayesema vijana wa sasa wameharibika kwa kujifunzia simuni hawatendei haki.

Hata hivyo nina shaka na hitimisho ambalo baadhi ya waajiri hulitoa hapo, kwamba basi kila mtu ajifunze mwenyewe na mambo yaishe. Kuna maarifa ambayo hayako mtandaoni kwa sababu hakuna aliyeyaandika popote. Nilishuhudia katika taasisi moja ya huku kusini, ambayo haina haja ya kutajwa, mgeni aliyekabidhiwa kazi ya kutunza nakala rudufu, au bakapu kama tunavyoziita kazini. Kila jioni programu ilimpa alama ya kijani, naye akaandika "imekamilika" katika daftari, kwa miezi minane. Siku diski kuu ilipokufa ndipo ilipofahamika kwamba kilichokuwa kikinakiliwa ni folda ya zamani, iliyoachwa tangu mfumo ulipohamishwa. Alilaumiwa yeye. Lakini alifanya alichoelekezwa, na hakuna aliyekaa naye hata mara moja akamwambia: tuirudishe nakala hii kwenye mashine nyingine tuone kama inafunguka. Angeiuliza akili unde jinsi ya kutengeneza nakala ingemjibu vizuri sana. Asingeuliza swali alilokosa, kwa sababu hakujua kwamba lipo.

Kwa mikoa yetu hili si suala la ofisini tu. Korosho imeuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mzigo huwekwa ghalani na kuuzwa mnadani, tangu msimu wa 2007, na katika msimu wa 2024/25 minada yake ikafanyika kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Maana yake mkulima wa Tandahimba au Liwale anasubiri fedha ambazo njiani zinapita katika kompyuta kadhaa, kuanzia mzani wa chama cha msingi hadi benki. Jina likikosewa herufi moja, au akaunti ikikataa, mtu wa kulitatua ni kijana aliye karibu, na ujuzi wake ndio unaoamua kama mkulima atalipwa wiki hii au atapandishwa bodaboda kwenda mjini kuuliza. Tumeongeza mitambo kwa kasi; watu wa kuisimamia tumewaacha wajiokote.

Kuhusu tiba, mbili zinazotajwa zaidi siziamini sana. Ya kwanza ni kuwahimiza wazoefu wawe na moyo wa kufundisha. Moyo ni mzuri, lakini gereji haikuwahi kuutegemea. Ya pili ni mkataba wa kumfunga kijana asiondoke kwa miaka kadhaa, ambao naona humbakiza asiyepata pengine pa kwenda, na aliye bora hupata mwajiri wa kumlipia faini. Naona afadhali kuurudisha uhitaji kwa makusudi, yaani kuzitenga baadhi ya kazi ziwe haziwezi kukamilika bila mgeni kuzigusa, hata kama mzoefu au mashine ingezimaliza upesi zaidi. Taasisi ndogo za mji mmoja zinaweza hata kushirikiana, hospitali, chama cha ushirika na chuo, mwanafunzi akazunguka kote, ili gharama na hasara ya kuondoka kwake isimwangukie mmoja. Kalenda nayo inatusaidia bila sisi kuitumia. Fildi za vyuo vingi huangukia kati ya Julai na Septemba, na msimu wa minada huanza Oktoba; wiki hizo ndizo za kukagua mizani, kusafisha orodha za wakulima na kupima mashine maghalani, kazi halisi zinazohitaji mikono mingi na ambazo kosa lake bado linarekebishika. Badala yake tunawapa fotokopi.

Gharama ipo, na sitaki kuificha. Tangu mwaka jana, yule kijana wa asubuhi ya nyaya anarudisha nakala rudufu moja kila Alhamisi kwenye kompyuta kuukuu tuliyoiokoa stoo, mimi nikiwa nimekaa pembeni bila kugusa kibodi. Mara ya kwanza ilituchukua saa tatu, nakala ikagoma mara mbili, na ripoti yangu ya mwezi ikachelewa siku moja. Mkuu wangu aliniita kutaka maelezo. Nilimweleza, akanisikiliza, kisha akauliza kazi hiyo tuiandike kwenye safu gani ya fomu ya utendaji. Tuliipitia fomu yote pamoja, ukurasa kwa ukurasa, na safu ya namna hiyo haikuwepo.