Sauti Ilitangulia, Lakini Fumbo Lilitungwa Mezani

Wapenzi wa michezo ya zamani ya upelelezi redioni hupenda kusema kwamba The Shadow, shujaa wa kubuniwa wa Kimarekani anayewinda wahalifu, ni mtoto wa redio, na kwamba riwaya zake, zilizotoka kwa jina la Maxwell Grant, zilikuwa kazi ya kulipua tu. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo haina ubishi. Tarehe 31 Julai 1930, kampuni ya Street & Smith ya New York ilianza kipindi cha kulinadi jarida lake la upelelezi, na msimulizi wake akaitwa The Shadow; wasikilizaji wakanaswa na sauti kuliko hadithi, wakaenda kwa wauza magazeti kuulizia jarida la The Shadow ambalo halikuwapo.

Nusu ya pili inamdhulumu mtu. Aliyeitwa kuziba pengo hilo ni Walter B. Gibson, mwandishi wa magazeti na mwanamazingaombwe aliyewahi kumwandikia Houdini, bingwa mashuhuri wa mazingaombwe, na toleo la kwanza likatoka Aprili 1931. Kati ya riwaya 325 za jarida hilo, 282 ni zake. Lilipoanza kutoka mara mbili kwa mwezi, wino wa riwaya moja ulikuwa haujakauka, nyingine ikadaiwa. Ndiyo, kasi hiyo iliacha makovu: visa vinajirudia, na wahalifu wengine wenye asili ya Asia wamechorwa kwa ubaguzi wa zama zile. Lakini mlipua kazi hapangi fumbo namna ile, msomaji akikodolea mkono wa kulia huku kazi ikifanywa na wa kushoto. Shujaa wa Gibson hapotei kimiujiza. Amevaa joho jeusi, amesimama pale mwanga wa taa unapokomea, na doa jeusi la sakafuni ulilolipita bila kujali ndilo lililokuwa likimfichua.

Redio, ilipompa mwigizaji Orson Welles nafasi ya The Shadow mwaka 1937, ilishika njia nyepesi: The Shadow ndiye Lamont Cranston mwenyewe, naye huzighubika akili za watu asionekane. Kwa sikio ni wazo zuri mno, maana msikilizaji naye hamwoni yeyote. Riwayani, hata hivyo, Cranston ni tajiri mwingine kabisa ambaye The Shadow huazima sura yake, huku jina halisi la The Shadow, Kent Allard, likifichwa hadi mwaka huohuo. Redioni matabaka hayo yote yalifutwa. Kisha Margo Lane, mwandani wa Cranston aliyebuniwa kwa ajili ya redio, akaingizwa riwayani mwaka 1941. Gibson alimpokea, akamtafutia kazi ya kufanya, na jalada likaendelea kusomeka Maxwell Grant, jina lililokuwa mali ya mchapishaji.