Merikebu za Mbao Zilizowavusha Wanorwei

Uhamiaji wa Wanorwei kwenda Marekani unapoadhimishwa, chombo kinachopewa heshima zote ni Restauration, merikebu ndogo iliyong'oa nanga Stavanger, bandari ya Norwei, mwanzoni mwa Julai 1825 ikiwa na watu 52 na kuingia New York tarehe 9 Oktoba ikiwa na 53, kwa kuwa mtoto wa kike alizaliwa njiani. Mwaka 2025 nakala yake ilisafirishwa tena kutoka bandari ile ile ili kutimiza miaka 200. Naiheshimu safari hiyo, hasa kwa sababu wengi wa abiria wake walikuwa Waquaker, au watu waliovutiwa na dhehebu hilo la Kikristo ambalo leo lina waumini wengi magharibi mwa Kenya, na kwao walibanwa na kanisa la dola. Lakini naamini tumeipa nafasi kubwa kupita kiasi, huku merikebu zilizobeba umati wenyewe zikikosa wa kuzitaja.

Hata Restauration, tukiitazama vizuri, ilikuwa na jambo ambalo sherehe hulipita haraka. Ilikuwa ya tani 39, na sheria ya Marekani ya mwaka 1819 iliruhusu abiria 2 tu kwa kila tani 5, yaani watu wasiofika 20. Chombo kilizuiliwa bandarini, faini ikatozwa, na haikuondolewa hadi Rais John Quincy Adams aliposamehe mwezi Novemba. Msongamano, basi, ulikuwapo tangu siku ya kwanza.

Mkondo mkubwa ulianza baada ya Uingereza kufuta Sheria zake za Urambazaji, zilizohifadhi biashara ya makoloni yake kwa meli zake, mwaka 1849, hatua iliyowafungulia wenye merikebu wa Norwei biashara ya kuchukua mbao Quebec, Kanada, na kuzipeleka Uingereza. Faida ilikuwa katika safari ya kurudi. Ya kwenda ingewalazimu kujaza farumi ya mawe au mchanga, uzito wa kuituliza merikebu usiolipa hata senti. Wahamiaji wakaziba pengo hilo. Ndiyo maana kuanzia 1850 hadi katikati ya miaka ya 1860 wengi wao walishukia Quebec, ingawa walikuwa wakielekea Wisconsin na Minnesota, majimbo ya Marekani: nauli ya huko ilikuwa nafuu kuliko ya New York.

Chini ya sitaha palipigiliwa vitanda vya mbao mbichi, vya ghorofa mbili, ambavyo vilibomolewa mara abiria waliposhuka ili magogo yapate nafasi. Familia zilikuja na chakula chao cha wiki kumi au zaidi: mikate mikavu myembamba iliyookwa nyumbani miezi kabla, nyama iliyokaushwa, samaki wa chumvi, vyote ndani ya masanduku yaliyofungwa kwa kamba yasigongane. Walipikia sitahani kwa zamu, kwenye meko machache, na dhoruba ilipofunga milango ya sitaha hakuna aliyepika, hewa ikawa nzito, na ugonjwa wa mtu mmoja ukawa wa wote. Safari kwa kawaida ilichukua majuma sita hadi kumi na mawili, kutegemea upepo. Wagonjwa waliteremshwa Grosse Île, kisiwa cha karantini katika Mto St. Lawrence, na baadhi yao hawakuendelea na safari.

Sisemi kwamba wenye merikebu walikuwa watu waovu. Bila nauli ile ya chini, kibarua na mpangaji asiye na shamba lake wasingaliweza kuondoka kabisa, na hilo ni jema ambalo halipaswi kufutwa. Ninacholalamikia ni kwamba unafuu huo ulilipiwa kwa afya ya abiria, hasa watoto wadogo, na bunge la Norwei lilikawia hadi mwaka 1863 ndipo likapitisha sheria ya kuwalinda wahamiaji baharini. Baadaye meli za mvuke zikafupisha sana safari, na biashara ile ikafifia.

Ningependa adhimisho lijalo lipitie St. Lawrence, lisimame Grosse Île, na majina yaliyomo katika orodha za abiria wa merikebu hizo yasomwe kwa sauti, la mtoto na la mtu mzima, kwa kadiri yanavyosomeka.