DX7 hailishwi gigabaiti

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wapiga kinanda wa Kampala linazunguka tangazo la flashi iliyojaa gigabaiti za "sauti za Kiafrika kwa Yamaha DX7", kile kinanda cha kielektroniki. Hongera kwa aliyelibuni. DX7 ya mwaka 1983 haina pa kuchomeka flashi, wala haichezi sempo (sauti iliyorekodiwa) hata moja. Sauti zake hutokana na opereta sita, yaani vizalishi vya mawimbi ya sauti, moja ikiitikisa nyingine; njia hiyo huitwa FM. Benki nzima ya sauti 32 ni baiti 4,104. Benki elfu moja, yaani sauti 32,000, hazifiki megabaiti tano. Anayekuuzia gigabaiti anakuuzia faili za kinanda kingine, au hewa.

Benki za kweli, faili za .syx, zimejaa intaneti bila malipo. Unahitaji kompyuta, kebo ya MIDI ya kuiunganisha na kinanda, na programu ya kutuma faili kama MIDI-OX. Bonyeza FUNCTION, kisha kitufe cha 8 mpaka uone SYS INFO. Ikisema UNAVAIL, bonyeza YES. Hapo hapo hakikisha chaneli ni 1, kwa sababu faili nyingi zimeandikiwa chaneli hiyo. Kabla ya lolote rusha sauti zilizomo kwenda kompyuta, maana benki mpya hufuta zote 32 kwa mpigo. Halafu bonyeza MEMORY PROTECT INTERNAL na NO. Ulinzi huo hujirudisha kila unapowasha kinanda, na hapo ndipo wengi hukwama wakadhani mashine imekufa.

Benki hupita kwa sekunde moja na kidogo. Usiposikia mabadiliko, shuku kebo kwanza: zile kebo za USB za bei ya chini hukata ujumbe mrefu katikati. Punguza kasi ya kutuma, au tafuta kebo ya maana.

Na betri, jamani. CR2032 iliyotiwa kiwandani ikiisha, sauti zote zitageuka takataka siku umeme utakapokatika. Ihifadhi benki kwanza, chomoa kinanda ukutani, ndipo ubadilishe betri.

Lakini hata hizo benki za bure, tunazijaza za nini? Piano ya umeme ya mia tano? Huku amadinda, ala ya mbao za kugongwa ya Buganda, ambayo FM inaiweza vizuri ajabu, tunaichezea kwenye MARIMBA ya kiwandani! Fundi wa marimba huchonga ubao kwa chini mpaka mlio wa pili uwe mara nne ya ule wa msingi. Ubao wa amadinda hauchongwi hivyo. Ubao wa unene mmoja ukilazwa huru juu ya migomba, mlio wake wa pili hukaribia mara 2.76. Sikio la aliyekulia Buganda linaijua tofauti hiyo hata kama mwenyewe hana jina la kuipa.

Basi itengeneze. Chukua algorithimu (mpangilio wa opereta) ya 5, ambamo opereta 1, 3 na 5 ndizo zinazosikika. Ya 1 iwe uwiano 1.00 na noti unayobonyeza, OUTPUT (nguvu yake) 99. Ya 3 iwe COARSE 2 na FINE 38, ambayo ni 2.76 kamili, anzia OUTPUT 75 na uifanye izimike mapema kuliko ya 1. Ya 5 ni kishindo cha fimbo: iweke FIXED kwenye 1,000 Hz, ife mara moja, na ipewe KEY VELOCITY 5 ili anayepiga kwa nguvu asikike anapiga kwa nguvu. L2, L3 na L4, yaani viwango vya sauti baada ya pigo la kwanza, zote 0. RATE SCALING 3 kwenye ya 1, vitufe vya juu vife haraka kama mbao fupi zinavyokufa. Opereta 2, 4 na 6 ziache OUTPUT 0 mpaka hizo tatu zikuridhishe. Kisha pandisha ya 2 kidogo kidogo.

Sawa, nakubali, sempo nzuri ya amadinda halisi ina vumbi na mikwaruzo ambayo DX7 haitoi. Lakini sempo ikipigwa kwa mizani ya piano nayo ni uongo, tena uongo wenye gigabaiti.

Maana tatizo kubwa ni mizani. Amadinda hugawa oktavo hatua tano zinazokaribiana, senti 240 hivi kila moja (oktavo ni senti 1,200). DX7II ya 1987 ina mizani ya kujipangia. Hii ya kwanza haina, ila kompyuta inaweza kutuma pitch bend, amri ya kuvuta noti juu au chini, kabla ya kila noti. Weka P BEND RANGE 1 na STEP 0. Ukianzia C: D ipande senti 40, F ishuke 20, G ipande 20, B bemoli ishuke 40. Bend huvuta noti zote kwa pamoja, kwa hiyo ni kwa mstari mmoja tu wa wimbo, na mlio mrefu utasikika ukiteleza. Tena 240 ni pa kuanzia tu. Mafundi wawili hawatoi amadinda mbili zinazolingana. Rekodi ile ya kikundi chenu, pima kila ubao kwa programu ya simu ya kupimia sauti, na hizo ndizo namba za kuingiza.