Libya: walikuja kuokoa Benghazi wakaishia Sirte

Vijiweni kwetu ikitajwa Libya tu watu wanagawanyika palepale, hawa wanakwambia Gaddafi alikuwa baba wa Afrika, umeme bure, mabeberu wakamuua wakachukua mafuta, kwisha habari, na wale wanasema dikteta wa miaka 42 acha afe. Mi naona wote wanalikwepa swali gumu, manake Machi 2011 kulikuwa na uamuzi wa kufanya pale pale, wakubwa wa Magharibi waingie Libya na ndege zao au waache, na muda hakuna.

Nianze na wanaotetea ile vita, huku bongo huwa hawapewi nafasi. Februari watu wameandamana Benghazi, mji mkubwa wa mashariki ya Libya, wamepigwa risasi, wakabeba silaha, mji ukawa wao. Gaddafi akatokea kwenye TV anasema atawasaka nyumba kwa nyumba, kichochoro kwa kichochoro. Kuna wanaosema zilikuwa kelele tu, na kamati ya mambo ya nje ya bunge la Uingereza ilikuja kusema 2016 kwamba tishio kwa raia lilikuzwa. Sawa, ila mtu wa Benghazi hakuwa na ripoti ya 2016 mkononi, yeye alikuwa na kumbukumbu ya gereza la Abu Salim, 1996, wafungwa wanaokadiriwa 1,200 waliuliwa humo, na maandamano yenyewe yalianza alipokamatwa wakili wa familia za hao marehemu. We ungekuwa na ndugu yako pale ungesema "kelele tu"?

Alafu sisi wa ukanda huu tunajua ikoje wakubwa wasipokuja. Marekani walipoteza askari 18 Mogadishu Oktoba 1993, wakaogopa, miezi sita mbele Rwanda inateketea na wao wanakwepa hata kutamka neno mauaji ya kimbari, Baraza la Usalama badala ya kuongeza askari likapitisha wapunguzwe hadi 270. Anayesema Marekani isiguse nchi ya mtu hata iweje aende akayasemee Kigali.

Kwa hiyo azimio namba 1973 la Baraza la Usalama kuhusu Libya lilipopita tarehe 17 Machi 2011, kura 10 za ndiyo, watano wakajizuia, halikuwa la wazungu peke yao. Afrika Kusini, Nigeria na Gabon walisema ndiyo. Hiki kipande huwa tunakiruka kama hatukioni vile. Ruhusa ilikuwa kulinda raia, na ikaandikwa kabisa kwamba hakuna jeshi la kigeni kuikalia nchi. Ndege zikaanza tarehe 19, majeshi ya Gaddafi yakazuiwa Benghazi, na mpaka hapo kama mtu angeniuliza ningesema poa, fanyeni.

Shida inaanzia Aprili. Ujumbe wa Umoja wa Afrika (AU) wakiwa na Zuma, rais wa Afrika Kusini wakati huo, wakaenda Tripoli, Gaddafi akaukubali mpango wa kusitisha vita, waasi wakaukataa kwa sababu haukusema mzee aondoke (kusema ukweli ningekuwa muasi na mimi ningekataa). Siku chache baadaye Obama wa Marekani, Cameron wa Uingereza na Sarkozy wa Ufaransa wakaandika makala ya pamoja, eti azimio halisemi tumtoe Gaddafi kwa nguvu ila Libya yenye Gaddafi haifikiriki. Hapo kazi ilishabadilika na hakuna aliyerudi kuomba ruhusa mpya. Tarehe 20 Oktoba msafara wake unakimbia Sirte, ndege za NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, zikaupiga, waasi wakamkamata wakamuua. Sirte ni mamia ya kilomita kutoka Benghazi, sasa pale alikuwa analindwa raia yupi? Siku 11 baadaye NATO wakafunga operesheni wakaondoka zao.

Bili waliletewa wengine. Watuareg, watu wa jangwa la Sahara, waliokuwa jeshini kwa Gaddafi walirudi Mali na silaha zao, Januari 2012 uasi, Machi mapinduzi Bamako, na mpaka leo Mali haijatulia. Wasyria ndo walilipa kimya kimya zaidi, manake Urusi na China walijizuia kwenye kura ya Libya, ila toka Oktoba 2011 wakawa wanapiga veto maazimio ya Syria moja baada ya jingine, na kila wakiulizwa Urusi wanataja Libya. Sisemi Putin alikuwa na uchungu na raia, alikuwa anamlinda rafiki yake Assad wa Syria, ila kisingizio alipewa mkononi.

Mfano unaoniumiza kichwa mimi ni Derna, mji wa pwani huko huko Libya. Usiku wa kuamkia 11 Septemba 2023 mabwawa mawili juu ya mji yalipasuka, mitaa mizima ikasombwa baharini, watu maelfu. Mtu wa "NATO ndiyo chanzo" atasema mnaona, nchi ina serikali mbili, nani akarabati bwawa? Kweli. Ila nyufa zilionekana 1998, Gaddafi yupo na hela za mafuta zipo, kampuni ya Kituruki ikaja kuanza kazi Oktoba 2010, miaka 12 imeshapita, vurugu za 2011 zikawakuta wakaacha. Hebu igawe hiyo lawama utuambie nani anabeba kiasi gani.

Na sisi Watanzania tuwe na adabu kidogo tunapohukumu, manake 1979 tuliingia Kampala tukamtoa Amin, na aliyeleta askari kumsaidia Amin ni huyuhuyu Gaddafi tunayemlilia. Kwenye kikao cha OAU, AU ya zamani, kule Monrovia kuna marais walitusema kwa hilo. Tofauti ninayoiona ni kwamba sisi uvamizi ulikuwa umetufikia Kagera, alafu baada ya Amin kukimbia wanajeshi wetu walibaki Uganda mpaka 1981, tukiwa hohehahe, na bado uchaguzi wa 1980 ukagombaniwa na Museveni akaingia msituni. Miaka miwili ile haikutosha, na NATO kule Libya baada ya Gaddafi walikaa siku 11.