Nafuu Isitufanye Tuache Dawa za Moyo

Ukiniuliza ni kitu gani kinawaangusha wagonjwa wa moyo hapa Mwanza baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, sitaanza na wataalamu. Hospitali ya Bugando ipo, na anayehitaji uchunguzi mkubwa zaidi anaweza kupewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Nitaanza na nafuu. Mtu akishaweza kupanda vilima vya Igogo bila kuhema, anasema amepona. Dawa zinaachwa, na nyumba nzima inashukuru Mungu.

Ugonjwa huu hauondoki hivyo. Mishipa inayolisha msuli wa moyo hujaa mafuta ndani ya kuta zake taratibu, kwa miaka. Njia ikishakuwa nyembamba, kifua hubana mtu anapobeba mzigo au kupanda mlima, na maumivu huweza kwenda mkono wa kushoto, mgongoni au kwenye taya. Siku utando wa mafuta hayo ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba mshipa. Huo ndio mshtuko wa moyo. Kwa mwenye kisukari na kwa baadhi ya wanawake, kifua kinaweza kisiume kabisa. Linakuja jasho la baridi, kichefuchefu na kuishiwa nguvu, na hapo wengi wetu tunasingizia vidonda vya tumbo.

Statini hupunguza mafuta mabaya kwenye damu, aspirini huzuia damu kuganda ovyo, dawa za presha huupunguzia moyo kazi. Mgonjwa hahisi hata moja ikifanya kazi, ndiyo maana ni rahisi kuziacha. Aliyewekewa stenti, yaani kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo, ana hatari zaidi. Kwa kawaida hupewa klopidogreli, nayo ya kuzuia damu kuganda, pamoja na aspirini kwa miezi 6 hadi 12, na akikatisha mapema bila kauli ya daktari, damu inaweza kuganda ndani ya stenti yenyewe.

Baba mdogo wangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Siku moja nilimwona akitoa kwenye mfuko wa shati kipande cha nailoni kilichofungwa fundo; ndani mna vidonge vyake vya kuweka chini ya ulimi.

"Baba mdogo, chupa yake iko wapi?"

"Ilikuwa inanisumbua mfukoni, mwanangu."

Anashinda navyo juani kutwa nzima. Nitrogliserini, ndiyo dawa ya vidonge hivyo vya kutuliza maumivu ya kifua, ikitolewa kwenye chupa yake, ikapigwa na joto na mwanga, hupoteza nguvu. Huenda alielezwa, lakini alielezwa amesimama dirishani, foleni nyuma yake, pamoja na maelekezo ya dawa nyingine nne. Na kidonge hicho kina utaratibu: mgonjwa akae chini kwanza, maana presha hushuka na anaweza kuanguka. Zikipita dakika 5 maumivu hayajapungua, safari ya hospitali ianze saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Aliyeko Ukerewe asikae kusubiri kivuko cha asubuhi. Aanzie hospitali iliyo karibu, palepale kisiwani.

Kuna jambo wanaume hawalisemi, nami nitalisema. Dawa za nguvu za kiume zinauzwa kila kona ya mji huu, nyingine zikiitwa za mitishamba. Sildenafili, mojawapo ya dawa hizo, ikikutana mwilini na nitrogliserini, presha inaweza kuporomoka kiasi cha kuua. Mzee wa miaka 60 hawezi kumtamkia hayo daktari mbele ya binti yake. Basi daktari aulize yeye, faraghani, kila mwanaume anayeandikiwa nitrogliserini.

Chakula chetu hakina ubaya mkubwa. Sato, dagaa, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), mboga za majani, vyote ni sawa. Shida ni mafuta ya kukaangia yanayorudiwa mpaka yawe meusi, na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Sigara iachwe, hilo halina mjadala.

Simlaumu anayeacha dawa kwa kukosa hela. Mtu anayekula kwa alichouza leo hawezi kununua vidonge vya mwezi mzima kila mwezi, maisha yake yote. Amwambie daktari wazi, kwa sababu mara nyingi ipo dawa ileile ya bei nafuu, na kuacha kimyakimya ndiko kunakoua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Mimi nitaipima kwa kitu kimoja, kama aspirini na statini zinapatikana kila mwezi kwenye kituo cha afya kule Buhongwa au Sengerema bila mgonjwa kuuza mbuzi.

Na hospitali zetu ziache kumruhusu mgonjwa peke yake. Siku ya kutoka, mke, mume au mtoto anayekaa naye aingie chumbani, ashike kila dawa mkononi, aseme kwa mdomo wake ni ya nini na inanywewa saa ngapi. Asiyeweza kusema, arudiwe kufundishwa kabla hawajapanda daladala.