Kichaka kinaiba maji au kinayatunza?

Kuna ua dogo ambalo kwa asili haliko kwingine duniani ila Mlima Kilimanjaro. Wataalamu wanaliita Impatiens kilimanjari. Ni jekundu lenye umanjano, nyuma lina kijimkia kilichojikunja kama mkonga wa tembo, na waongoza watalii wa njia ya Marangu hupenda kusimama kulionyesha. Shina lake limejaa maji. Ukilichuma, hunyauka mara moja.

Maua ya porini kama hili yakianza kuadimika mahali, mabishano hapa Moshi huwa yaleyale. Mmoja atasema vichaka vimezidi, leta panga. Mwingine atasema maji ndiyo yamepungua, panga halitasaidia kitu.

Mwenye panga ana haki yake. Lantana, mgeni kutoka Amerika ya kitropiki, hufunga uwanja wa nyasi ukawa giza. Orkidi za ardhini hulala kiangazi kizima zikiwa kiazi tu chini ya udongo, zikingoja mvua. Zinapochipua zinakuta mwanga umeshachukuliwa na mvua za mwanzo zimeshanyonywa na mizizi ya jirani. Hapo sioni cha kujadili, ila kufyeka pekee ni kujichosha: lantana hung'olewa na kisiki, la sivyo hurudi na machipukizi mengi kuliko mwanzo.

Lakini chukua panga hilohilo ukingoni mwa kijito, ndani ya msitu. Pale kichaka ni mwavuli. Kinakunywa, ndiyo, ila kivuli chake kinazuia jua la Februari lisikaushe tabaka la juu la udongo, na hilo ndilo tabaka ambalo mche mchanga unalitegemea. Mwaka wa mvua nzuri, kichaka kinanyima mwanga kuliko kinavyofaa. Mwaka wa ukame, kichaka kilekile ndicho kinachookoa mche. Anayepita mara moja kuhesabu maua atatoa jibu la mwaka ule tu.

Juu zaidi mambo yanageuka kabisa. Vichaka na miti ya erika hukamata ukungu kwa majani yake membamba, matone yakaanguka chini hata siku isiyo na mvua. Moto uliounguza mlima Oktoba 2020 haukuwapa maua nafasi tu, kama wengine wanavyodhani. Uliondoa pia wakamata ukungu hao.

Kuhusu maji, tunapenda kulaumu mbingu na kusahau mifongo, mifereji yetu ya jadi ya kumwagilia. Mfongo wa udongo huvuja njia nzima toka msituni hadi kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani, na uvujaji huo umenywesha kingo zake kwa vizazi. Ukiusakafia kwa saruji, mwenye migomba wa mwisho anapata zamu ya maana, na mimi siwezi kumtazama usoni nikamwambia maji yake yawe ya maua. Hata hivyo ukingo unakauka, na vinavyohimili ukavu huo ni vichaka vigumu. Kisha tunakuja na panga na kusema vichaka ndivyo vilivyoua maua.

Ningekuwa na sauti kwenye kamati ya mfongo, ningesakafia kipande cha chini kinachopita mashambani, na cha juu kinachopakana na msitu ningekiacha kivuje.